JIPU LANGU, NA BAKTERIA WASIOTUPA KITU

Wasomaji wenzangu, mtanisamehe nikianza na habari ya paja langu. Katika likizo ya Desemba iliyopita niliota jipu kubwa upande wa nje wa paja la kulia, kiasi cha yai la kuku, nikawa siwezi kukaa kitako ila kwa upande mmoja. Bibi yangu alilitazama akasema liachwe liive, kisha litumbuliwe. Mimi, kwa kuwa ni mwanafunzi wa sayansi wa Kidato cha Sita, niliyaona maneno yake kuwa ya kikale. Nilikwenda dukani nikanunua vidonge vya Septrin bila kumwuliza mganga yeyote, nikavimeza asubuhi na jioni kwa siku tano. Jipu halikujali. Lilizidi kuvimba, likawa linapwita usiku kucha, na siku ya sita nikashikwa na homa. Baba akanipeleka hospitali.

Mganga alilipasua kwa kisu chake, ukatoka usaha wa kujaza kikombe cha kahawa, akaosha kidonda na kukifunga. Kisha akaniandikia dawa. Nilipoisoma karatasi nilistaajabu, maana ilikuwa Septrin ile ile! Safari hii ilifanya kazi. Baada ya siku nne nilikuwa natembea, na baada ya majuma mawili kidonda kilifunga.

Nilimwuliza mganga kwa nini dawa moja imeshindwa kwanza ikafaulu baadaye. Watu waliokuwa wakimngoja ni wengi, kwa hiyo alinijibu kwa maneno machache tu: kwamba ndani ya usaha vijidudu huokota vitu vya kujiokoa, na kwamba nikirudi shuleni nimwulize mwalimu habari za thaimidini. Neno hilo nililiandika kiganjani lisinipotee. Mwalimu wetu wa bayolojia alinipa vitabu, nami nimevisoma muhula mzima, na haya ndiyo niliyoyapata.

Kila kiumbe hai, tangu mbuyu hadi bakteria, ameandikiwa maagizo ya maisha yake katika uzi mwembamba uitwao DNA. Uzi huo umeunganishwa kwa vipande vidogo sana viitwavyo nyukliotaidi, kama shanga zilizotungwa. Kila shanga ina sehemu tatu: besi, sukari na fosfeti. Besi za DNA ni nne, nazo ni adenini, gwanini, sitosini na thaimini. Uko na uzi wa pili, RNA, ambao ni kama nakala ya maagizo ipelekwayo kazini. Huo hutumia yurasili mahali pa thaimini. Besi ikiwa imeshikana na sukari tu, bila fosfeti, huitwa nyukliosaidi, na nyukliosaidi ya thaimini ndiyo hiyo thaimidini niliyoiandika kiganjani. Tafadhali msomaji, shika tofauti hii: thaimini ni besi peke yake, thaimidini ni besi pamoja na sukari. Mimi mwenyewe niliyachanganya majina haya kwa juma zima, na hesabu zangu zote zikaharibika.

Bakteria aliyechunguzwa kuliko wote ni Escherichia coli, akaaye matumboni mwetu. Maandiko yake yote yalitangazwa mwaka 1997, nayo yana jozi za besi zaidi ya milioni 4 na laki 6. Kwa kuwa kila jozi ni nyukliotaidi mbili, kila anapotaka kujigawa awe wawili hana budi kupata nyukliotaidi mpya zaidi ya milioni 9 kwa ajili ya DNA peke yake, mbali na zile za RNA. Naye akipata chakula chema na joto kama la mwili wetu, aweza kujigawa kila baada ya dakika 20 hivi. Nyukliotaidi hizo zote atazitoa wapi?

Hapa nitawaeleza habari ya mjomba wangu, ambaye ni fundi seremala. Anapobomoa paa bovu, misumari haitupi hata mmoja. Humkalisha kijana wake mbele ya gogo, na kijana huinyoosha kwa nyundo mmoja mmoja mpaka jioni. Zamani nilifikiri kuwa mjomba ni bahili. Walakini fikirini kazi ya kupata msumari mpya: mtu achimbe mawe ya chuma, ayayeyushe, avute waya, akate, achonge ncha, apige kichwa, kisha msumari usafirishwe mpaka dukani. Msumari wa zamani unataka pigo moja tu la nyundo.

Bakteria naye ana njia hizo mbili. Njia ya kwanza ni kuunda nyukliotaidi tangu mwanzo. Kwa upande wa adenini na gwanini, ambazo jamii yake huitwa purini, E. coli huanza na sukari yenye fosfeti iitwayo kwa kifupi PRPP, kisha hupita hatua 11 mpaka afike kwenye nyukliotaidi ya kwanza, nayo huitwa IMP. Hatua hizo husukumwa na vimeng'enya, na kila kimeng'enya kina jeni yake iliyoandikwa katika DNA. Njiani hutumika molekuli nyingi za ATP, ambazo ndizo fedha taslimu za seli. Wala IMP si mwisho, kwa sababu zinatakiwa hatua mbili zaidi kuigeuza iwe AMP au GMP.

Njia ya pili ni kuokota. Adenini ikionekana imetupwa, kimeng'enya cha jeni apt huipachika juu ya PRPP, na kwa hatua moja tu inakuwa AMP. Jeni gpt ina kimeng'enya cha kuokota gwanini; jeni hpt ina cha kuokota haipozantini, ambayo nayo ni purini; jeni upp ina cha kuokota yurasili. Nyukliosaidi nazo zina milango yake ya kuingilia: mmoja katika ukuta wa nje uitwao Tsx, na miwili katika utando wa ndani iitwayo NupC na NupG. Thaimidini ikishaingia hupokewa na kimeng'enya cha jeni tdk, ambacho huichukua fosfeti moja kutoka kwa ATP na kuibandika juu yake. Pigo moja la nyundo, na nyukliotaidi iko tayari.

Tena kuokota si kwa vitu vya nje tu. RNA ibebayo maagizo ndani ya bakteria huishi dakika chache, kisha huvunjwa, na vipande vyake hurudi kazini. Kama vingetupwa, bakteria angefilisika kabla ya kujigawa hata mara moja.

Lililonipendeza kuliko yote ni namna anavyopanga matumizi. Ndani ya E. coli mna protini iitwayo PurR. Haipozantini au gwanini zikiwa nyingi huishika PurR, nayo huenda kukaa juu ya jeni za ile njia ndefu ya hatua 11 na kuzizuia. Maana yake ni kwamba misumari ya zamani ikijaa sanduku, hakuna anayetumwa dukani. Zikipungua, PurR huachia, na kiwanda hufunguliwa tena. Na deoksiribosi, yaani sukari ya DNA, ikizidi ndani, huamka jeni nyingine zilizopangwa mstari mmoja, deoC, deoA, deoB na deoD. Hizo huvunja nyukliosaidi, huitenga besi na sukari, na sukari huchomwa kama kuni ili kupata nguvu. Kweli huyu hatupi kitu.

Sasa turudi kwenye Septrin. Thaimini ina shida yake ya pekee. Nyukliotaidi yake hutengenezwa kutoka nyukliotaidi ya yurasili kwa kuongezewa kaboni moja. Kazi hiyo ni ya kimeng'enya cha jeni thyA, na kaboni yenyewe huletwa na vitamini iitwayo folati. Ifikirieni folati kuwa ni mchukuzi wa bandarini: anabeba mzigo, anautua, na akishautua hapa kwa thyA anakuwa amechoka kabisa, haondoki mpaka kimeng'enya kingine kimpe nguvu upya. Mchukuzi huyo huyo hupeleka kaboni mahali pengine pia, mathalani katika hatua mbili za ile njia ndefu ya purini.

Sisi binadamu hupata folati katika mboga za majani, maharage na maini. Bakteria wengi hawawezi kuichukua kutoka nje, hivyo hujitengenezea. Septrin ni dawa mbili katika kidonge kimoja. Ya kwanza, salfamethoksazoli, huwazuia bakteria wasitengeneze folati. Ya pili, trimethoprimu, huzuia folati iliyochoka isipate nguvu. Kimeng'enya cha kuipa nguvu tunacho na sisi, ila trimethoprimu hukishika kile cha bakteria kwa nguvu inayopita maelfu ya mara ile inayokishikia chetu, na ndiyo sababu twaweza kuimeza bila kufa.

Trimethoprimu ilitoka katika maabara ya George Hitchings, kampuni ya Burroughs Wellcome, Marekani, na habari zake zilitangazwa mwaka 1962. Pamoja na Hitchings alikuwako Gertrude Elion, aliyejiunga naye mwaka 1944. Huyu mama alikuwa amehangaika sana kupata kazi ya maabara kwa sababu tu ni mwanamke, wala hakuwahi kumaliza shahada ya udaktari kwa njia ya kawaida. Wazo lao lilikuwa jepesi kulisema: kama bakteria hupenda kuokota besi, basi tuwatupie besi za uongo. Walitumia bakteria aitwaye Lactobacillus casei kuzijaribu. Besi mojawapo ya uongo, 6-mekaptopurini, iliokotwa na kimeng'enya cha kuokotea haipozantini, ikageuka sumu ndani ya seli, na tangu mwaka 1953 imetumika kutibu watoto wenye saratani ya damu. Hitchings na Elion walipata Tuzo ya Nobel mwaka 1988, pamoja na James Black wa Uingereza. Wasichana wa michepuo ya sayansi, naomba mlikumbuke jina la Elion.

Nimesema Septrin huwanyima bakteria thaimini. Kunyimwa huko si jambo dogo. Mwaka 1954 Seymour Cohen na Hazel Barner, huko Philadelphia, walieleza habari ya E. coli asiyeweza kujitengenezea thaimini. Bakteria akikosa vitu vingine vingi, kwa mfano aina moja ya amino asidi, huacha kukua akangoja siku njema. Lakini huyu alipokosa thaimini, na chakula kingine chote kipo, hakungoja. Aliendelea kunenepa huku DNA yake haiwezi kunakiliwa, kisha akafa. Jambo hili huitwa kifo cha kukosa thaimini. Basi, kwa mtu aliyemeza vidonge kwa siku tano kama mimi, swali ni kwa nini bakteria wa paja langu hawakufa.

Jibu liko ndani ya usaha. Majipu mengi huletwa na bakteria aitwaye Staphylococcus aureus. Mwili ukimwona huwatuma askari wake, seli nyeupe za damu, nao huja kwa mamilioni, hupigana na kufa pale pale. Usaha kwa sehemu kubwa ni maiti za askari hao. Tena mwaka 2004 wataalamu wa Berlin walionyesha kwamba seli hizi hufanya jambo la ajabu: huitoa DNA yao nje na kuitandaza kama wavu wa mvuvi, bakteria wanaswe humo. Ule mnato wa usaha, ambao kila aliyewahi kutumbuliwa jipu anaujua, watokana kwa sehemu na DNA hiyo.

Hebu tufanye hesabu. Seli moja ya binadamu ina jozi za besi karibu bilioni 6, yaani besi bilioni 12. Katika hizo, karibu 30 kwa kila 100 ni thaimini, hivyo thaimini zote ni kama bilioni 3 na milioni 600. Staphylococcus aureus ana jozi milioni 2 na laki 8, yaani besi milioni 5 na laki 6, na theluthi moja ya hizo ni thaimini, karibu milioni 1 na laki 9. Gawanya. Askari mmoja aliyekufa ana thaimini za kutosha kuunda DNA ya bakteria 1,900 hivi! Niliirudia hesabu hii mara tatu, nikampelekea na mwenzangu wa mchepuo wa hisabati, naye akapata vile vile.

Na bakteria huyu anavyo vifaa vya kuvuna. Hutoa nje kimeng'enya cha kukata DNA ambacho ni kigumu ajabu, maana hata ukikichemsha kwa robo saa hakipotezi kazi yake. Maabara nyingi zimetumia ugumu huo kumtambulia. Kimeng'enya hiki hukatakata wavu wa askari, vimeng'enya vingine huondoa fosfeti, thaimidini hubaki huru, bakteria huiingiza ndani, na tdk humaliza kazi. Purini nazo zimo humo humo katika usaha, na amino asidi kadhalika, kutokana na protini zilizovunjika. Septrin imefunga kiwanda kweli kweli, lakini mlangoni pa kiwanda pamemwagwa lori la misumari ya zamani.

Habari hii iliwahi kuwapotosha hata wenye maabara. Ili kujua kama dawa inaua bakteria, hupandwa katika sahani yenye chakula kilichoganda, kisha huwekwa dawa juu yake, na panapobaki peupe bila bakteria hupimwa. Sasa, chakula hicho hutengenezwa kwa nyama na chachu, navyo vyaweza kuwa na thaimidini. Ikiwa nyingi, Septrin huonekana kama haina nguvu, kumbe bakteria wanaokota. Dawa yake ilipatikana katika damu ya farasi iliyopasuliwa chembe zake: damu hiyo ina kimeng'enya cha kuvunja thaimidini, kwa hiyo ikitiwa katika sahani huiondoa, na dawa huonekana nguvu zake za kweli. Siku hizi chakula cha kupimia dawa hii huchaguliwa kile chenye thaimidini kidogo sana. Panya nao waliwadanganya watu, kwa kuwa damu ya panya ina thaimidini zaidi ya ile ya binadamu.

Mabaya hayaishi hapo. Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Chicago walitangaza kwamba Staphylococcus aureus, akishaukata wavu wa askari, huigeuza sehemu ya vipande kuwa deoksiadenosini, nyukliosaidi ya adenini. Kuna askari wengine wakubwa zaidi, waitwao makrofaji, ambao kazi yao ni kuja kusafisha uwanja. Makrofaji wakifika karibu huiokota deoksiadenosini ile, maana seli zetu nazo zina desturi ya kuokota, wakaitia fosfeti kwa vimeng'enya vyao wenyewe, na ikizidi ndani yao huwaua. Ndivyo jipu linavyoweza kukaa siku nyingi katikati yake mkiwa na bakteria hai na kandokando askari wasioweza kuingia. Niliposoma ukurasa huo nilifunga kitabu nikatoka nje kupunga upepo.

Sipendi mtu afikiri kwamba thaimidini ndiyo sababu pekee. Jipu limezungukwa na ukuta, na damu haiingii vema ndani yake, kwa hiyo dawa yoyote hupenya kwa shida. Tena bakteria waliosongamana humo hukua polepole. Walakini sababu zote hizi huondoka pamoja na usaha. Mwaka 2016 yalitangazwa matokeo ya uchunguzi uliofanywa katika hospitali tano za Marekani kwa watu zaidi ya 1,200. Wote walipasuliwa majipu yao kwanza. Nusu yao wakapewa dawa hii ya Septrin, na nusu vidonge visivyo na dawa ndani. Katika waliopewa dawa walipona kama 80 kwa kila 100. Katika wasiopewa, kama 74. Angalieni basi: kisu peke yake kilitosha kwa watu wengi, na dawa ilipokuja baada ya kisu iliongeza faida. Bibi alikuwa sahihi, na mganga alikuwa sahihi, ila mimi ndimi niliyekosea mpango. (Nisieleweke vibaya: kutumbua ni kazi ya mganga mwenye kisu safi. Kulikamua jipu bichi kwa vidole, kama wafanyavyo wenzetu fulani bwenini, husukuma bakteria waingie ndani zaidi.)

Wako bakteria waliokwenda mbali kuliko hapo. Watu wenye ugonjwa wa kurithi ujazao makamasi mazito mapafuni, wakitumia dawa hii kwa muda mrefu, huweza kupata Staphylococcus ambaye jeni yake ya thyA imeharibika kabisa. Mtu angedhani bakteria wa namna hiyo ni kilema. Lakini kumbukeni yule mchukuzi: folati huchoka pale inapotua kaboni kwa thyA. ThyA isipokuwapo, haichoki, na trimethoprimu haina cha kuzuia. Bakteria huyu huishi kwa kuokota thaimidini tu katika makamasi yenye DNA nyingi. Katika sahani ya maabara hukua polepole, akafanya vidoa vidogo mno, na asiyekuwa mwangalifu huvipita. Wataalamu wa jeni wameutumia ujanja huo huo kwa faida yao: mwaka 1965 Stacey na Simson walieleza namna ya kuwapata E. coli wasio na thyA kwa kuwaotesha penye trimethoprimu na thaimini pamoja, kwa maana wale wazima hushindwa na wale wabovu husitawi.

Tabia ya kuokota hata hivyo yaweza kuwa mtego kwa mwokotaji, kama Elion alivyoonyesha. Ukimtupia bakteria 5-fluorourasili, ambayo ni yurasili ya uongo, kimeng'enya cha upp huipokea kwa mikono miwili na kuigeuza nyukliotaidi yenye sumu. Bakteria asiye na upp hupona. Na hapa Afrika tunayo faida ya karibu. Kuvu aitwaye Cryptococcus huwaletea watu wenye UKIMWI ugonjwa mbaya wa utando wa ubongo. Kuvu huyo, kama E. coli mwenye jeni codA, ana kimeng'enya cha kugeuza sitosini kuwa yurasili, sisi hatunacho. Kwa hiyo mgonjwa akipewa flusitosini, kuvu huigeuza mwenyewe ikawa 5-fluorourasili na kujiua, na mwili wa mgonjwa hauigeuzi. Uchunguzi mkubwa wa dawa hiyo uliotangazwa mwaka 2018 ulifanyika Malawi, Zambia, Kameruni na Tanzania, na flusitosini ilionekana kuokoa maisha. Hata kijidudu cha malaria hakiwezi kutengeneza purini. Huishi kwa kuokota haipozantini katika chembe zetu za damu, na wako wataalamu watafutao dawa ya kukizuia hapo hapo. Lakini malaria yanataka makala yake yenyewe, na Mhariri amenipa kurasa hizi tu.

Katika mapumziko ya katikati ya muhula nilikwenda nyumbani, nikamkuta bibi barazani anachagua mchele. Nilimwamkia, nikakaa chini, nikamweleza yote tangu tdk mpaka damu ya farasi, kwa kadiri nilivyoweza kwa maneno mepesi. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza.

"Kwa hiyo, mjukuu wangu," akauliza, "lile jipu ulipasa ulifanye nini?"

Nikamjibu kwamba lilitakiwa liive, kisha litumbuliwe.

Akatikisa kichwa, akaendelea kutoa mawe katika mchele.

Mwanafunzi, Kidato cha Sita